Mama Alivyotushonesha Pale Stesheni

Kolwezi, mji wetu wa mgodi kule Katanga, ina baridi kuliko watu wa mbali wanavyodhani. Mvua zikishakatika, mwezi wa sita na wa saba, upepo unapita juu ya uwanda wote bila kitu cha kuuzuia, na mtoto anayekwenda shule asubuhi anatoa mvuke mdomoni kama mzee mwenye sigara. Nyumba za kambi ya wafanyakazi, nilikozaliwa, zilikuwa za matofali na bati, hazina dari, na sakafu ya saruji ilishika baridi kama chuma. Kwa hiyo nyumbani kwetu mablanketi yalikuwa kitu cha maana, na wa kuyatengeneza alikuwa mama yangu. Aliyashona kwa mkono, kwa vipande vya nguo.

Vipande alivipata popote. Kulikuwa na fundi mmoja sokoni aliyeshonea wanawake vikwembe, yaani vitenge, vya sikukuu. Mama alikuwa akikaanga mikate ya kuuza kila asubuhi, na alipopita kwa fundi huyo alimwachia miwili mitatu ya moto. Fundi naye alimwekea mabaki ya vitambaa ndani ya katoni chini ya meza. Sare zetu za shule, zikishindwa kupita kwa mdogo wa mwisho, zilikatwa. Salopeti, zile ovaroli za bluu za wachimbaji wa mtaa wetu, zilizochakaa magotini lakini zingali nzima mgongoni, zilifanywa upande wa chini. Katikati aliweka blanketi kuukuu au fulana zilizotoboka, halafu akazishona tabaka zote tatu pamoja, mistari miwili miwili, mpaka ukivuta huku na huku hakuna kilichosogea. Blanketi la mama lilikuwa zito. Ukilala chini yake ulijua umefunikwa.

Nami sasa ni mama, na bado najiuliza alipata wapi nafasi. Watoto tulikuwa wengi. Alikuwa na mikate yake, na shamba la mahindi na mihogo mbali nyuma ya Kingamyambo, na maji ya kuchota, na kwaya ya parokia. Lakini sikumsikia hata mara moja akisema atashona akipata nafasi. Sindano yake ilikaa kwenye ukosi wa blauzi, imezungushiwa uzi, na mfuko wa vipande ulining'inia begani kama wanawake wengine wanavyobeba mtoto. Maharagwe yakichemka, alishona. Kwenye foleni ya bomba alishona amesimama, akisukuma ndoo kwa mguu foleni ikisogea. Mgeni aliyekuja kutusalimu alijikuta ameshika ncha ya kitambaa kabla hajaulizwa habari za kwake, na aliondoka saa moja baadaye akiwa amefanya kazi.

Baba yangu, ambaye sote tulimwita tata, hakuwa wa mambo hayo. Alikuwa karani katika ofisi ya kampuni ya mgodi, mtu wa shati jeupe na kalamu ya wino mfukoni. Kifungo kikimkatika alikileta kwa mama kiganjani, kama mtu aliyeokota njiani kitu chenye mwenyewe. Aliyapenda mablanketi, aliyasifu mbele ya wageni, lakini kwake kushona kulikuwa jambo la wanawake na la mafundi wa soko.

Wazazi wangu wote wawili kwa asili walikuwa watu wa Kasai, jimbo la jirani. Babu zangu waliletwa zamani kufanya kazi mgodini, wakazaa hapa, wakazikwa hapa. Tata alizaliwa Kolwezi, mama alizaliwa Kolwezi, sisi pia. Kasai niliijua kwa masimulizi tu, na Kiluba cha kule, alichozungumza babu, nilikisikia bila kuweza kukijibu.

Upande wa pili wa ukuta wetu alikaa mama mmoja kutoka kaskazini ya Katanga, mke wa mchimbaji. Nitamwita mama jirani, maana ndivyo alivyokuwa. Baridi ya mwaka mmoja alikuja kumwomba mama amshonee blanketi.

"Mi sitakushonea," mama akamwambia. "Kuja tushone pamoja."

"Mi sijue kushona, mama. Mikono yangu iko ya jembe."

"Na yangu? Leo asubui ilikuwa ku shamba."

Wakaanza. Mishono ya mama jirani ilikuwa mirefu na iliyumba, na siku za kwanza, akishaondoka, mama aliifumua na kuirudia. Mama jirani alitambua.

"Unafungua yangu?" akauliza.

"Ndiyo," mama akasema.

"Basi leta, nitashona tena."

Hakununa. Aliketi akashona upya, na siku iliyofuata akashona upya tena. Hakuwahi kuwa fundi mzuri, lakini baada ya hapo mama hakufumua tena kazi yake. Walishona pamoja miaka mingi, kwenye kibaraza chetu au chao, wakizungumza habari za watoto na bei ya mafuta na nani anaumwa. Hakuna aliyemuuliza mwenzake babu wa nani alitoka wapi.

Halafu kazi ya mgodi ikaanza kufa. Mashine zilisimama kwa kukosa vipuri, mshahara ukachelewa, kisha ukawa karatasi zisizonunua kitu. Rafu za kantini zikawa tupu. Wanajeshi wakapora mji, na maduka yaliyoporwa mengine hayakufunguliwa tena. Kosi za mashati ya tata zilipochanika, mama alizifumua akazigeuza ndani nje, na tata akaendelea kwenda ofisini, ingawa ofisini hapakuwa na kazi ya kuandika.

Wakati huo ndipo mablanketi yalipotulisha. Mama na mama jirani walipanda treni kwenda Mutshatsha na mizigo yao kichwani, wakabadilishana na wakulima wa kule ambao nao walikuwa na baridi yao. Walirudi na unga wa mihogo na magunia ya makaa, wamekalia mizigo, nyuso zimejaa vumbi, wanacheka. Mama jirani alitusimulia jinsi mkulima mmoja alivyolivuta blanketi kwa nguvu zake zote kutafuta mahali patakapoachia, akashindwa, akamwita kaka yake waje wavute wawili. Mama aliwaacha wavute mpaka wakachoka wenyewe.

Halafu yakaja yale maneno. Yalianza redioni na kwenye mikutano, wakubwa wa jimbo wakisema watu wa Kasai wamejaa kazini na mashuleni, warudi kwao. Yakashuka mtaani. Tukaitwa wadudu. Msichana niliyekaa naye dawati moja alihamia lingine, hakunitazama. Asubuhi moja tata alikwenda kazini akazuiwa mlangoni na vijana, akarudi kabla maharagwe ya mama hayajaiva. Aliketi kitini na viatu vyake, kalamu mfukoni.

Siku chache baadaye vijana walifika kwetu. Ilikuwa alasiri. Walikuwa na fimbo, na mmoja alikuwa na bidoni, dumu la petroli. Mkubwa wao alisimama katikati ya lupango, yaani ule ua wetu, akasema jua lisichwe tukiwa bado pale.

"Tutatoka," mama akamwambia. "Utuachie tuchukue batoto na bitu ya kuvaa."

Aliingia ndani, akatandika mablanketi matatu sakafuni. Katikati ya kila moja akapanga vitu: sufuria, unga, vyeti vyetu vya ubatizo na vya shule, nguo, sabuni. Kisha akakutanisha pembe nne akazifunga. Kwa muda ambao nyumba nyingine zilikuwa bado zinakimbizana kutafuta masanduku, mizigo yetu ilikuwa imekaa mlangoni. Mwishowe alichukua ule mfuko wa vipande.

"Mama," tata akasema, "tunafukuzwa, na weye unabeba matambala?"

"Haina buzito, tata," akajibu. "Mi mwenyewe nitaibeba."

Tulipotoka, mama jirani alikuwa amesimama mlangoni kwake. Mume wake alikuwa amemshika mkono. Aliutoa mkono ule polepole, akaingia ndani, akarudi na sufuria ya sombe, yaani kisamvu, ya moto, iliyokuwa chakula chao cha siku ile. Akapita mbele ya wale vijana, akaiweka juu ya kichwa cha dada yangu, akairekebisha ikae sawa. Akarudi mlangoni kwake.

Tulikwenda stesheni kwa sababu watu wote wa Kasai walikuwa wanakwenda stesheni. Tulidhani treni ingekuja kesho yake. Tulikaa pale majuma na majuma. Waliokuja mapema walijaza mabanda ya mizigo, waliofuata wakajaza madarasa ya shule ya karibu, na sisi wengine tukabaki nje, kando ya reli, familia kwa familia. Watu walipika kati ya mataruma. Kila mlio wa chuma uliwainua wote, halafu wakaketi tena.

Msimu wa mvua ulikuwa umeanza. Mvua ya kwanza kubwa ilitukuta mchana, na tuliingia chini ya mablanketi ya mama tukidhani tumepona. Pamba inakunywa maji. Yaliloa yote, yakawa mazito hata mama hakuweza kuyakamua peke yake, na yalichukua siku nyingi kukauka. Mdogo wangu wa mwisho akaanza kukohoa, kikohozi cha ndani kabisa, na katika foleni ya bomba tulisikia vikohozi vingine kama chake pande zote.

Mama alikwenda akaketi mahali masista na watu wa misaada walipogawa unga wa mahindi. Unga ule ulikuja katika magunia meupe ya nailoni iliyosukwa. Aliomba gunia tupu, akalifua, akalifumua mshono, akalitandaza mapajani, akamwagia kikombe cha maji huku kiganja chake kikiwa chini. Maji yalipita kidogo. Akaweka gunia la pili chini ya la kwanza, akamwaga tena. Akatazama kiganja chake. Kikavu.

Basi akashona. Juu magunia mawili, chini vipande vyake vya nguo, vidogo na vikubwa, chochote kilichokuwa mfukoni. Uzi wake wa pamba ulipokwisha, alivuta nyuzi za nailoni kwenye ukingo wa gunia lenyewe, moja moja, ndefu na ngumu, akazisokota mbili mbili. Uzi ule ulikuwa haukatiki hata kwa meno. Lilipokuja wingu lingine, tulikaa sote chini ya kitu kile cha ajabu, cheupe juu, chenye maua na bluu na nyekundu chini, na mdogo wangu alilala mkavu.

Wanawake wakaja kuona. Mama hakuwashonea. Alimwambia kila mmoja maneno yale yale, kuja tushone, na mtu akisema hana kitambaa, mama alitazama alichovaa au alichofungia mzigo, akasema hicho pale. Zilikatwa nguo ambazo nisingethubutu kuzikata. Mama mmoja alikata pazia alilolibeba kutoka sebuleni kwake, la ua kubwa la zambarau, akalia kidogo, akashona.

Tata alikuwa anakaa juu ya mzigo wetu, ameelekeza uso kwenye reli. Siku za mwanzo alinyoa ndevu kila asubuhi kwa maji ya kikombe. Kisha akaacha. Wanaume wengi walikuwa hivyo, makarani, walimu, mafundi umeme, watu waliojua kwamba saa fulani ya asubuhi wanatakiwa mahali, na sasa hakuna mahali. Hata kugombana hawakugombana. Walikaa tu.

Mama alimwendea na shuka refu la magunia.

"Tata, shika hapa."

Akashika.

"Vuta."

Akavuta. Mama akashona kipande, wakasogea, akashona kingine. Halafu akachomoa sindano ya pili kwenye ukosi, akamwekea mkononi.

"Mi?" tata akauliza.

"Eh, weye. Mi naanza huku, weye unaanza kule. Tutakutana katikati."

"Bantu banaangalia."

"Baangalie. Bataona mutu anafanya kazi."

Tata aliitazama sindano. Kisha akafanya jambo ambalo mama hakulitarajia. Alitoa kalamu yake mfukoni, akatafuta ubao ulionyooka, akapiga mstari juu ya gunia kama alivyokuwa akipiga mistari ya ukurasa ofisini, na ndipo akaanza kushona juu ya mstari. Alishona polepole sana, ulimi ukimtoka kidogo. Lakini mishono yake ilikuwa midogo na yote ya kipimo kimoja, iliyosimama kama herufi zake. Mama alipofika katikati, alilishika shuka, akapitisha kidole juu ya kazi ya tata tangu mwanzo hadi mwisho. Hakumsifu yeye. Alimgeukia mwanamke aliyekuwa karibu.

"Ona ya bwana yangu," akamwambia.

Tata alisikia. Kesho yake asubuhi alinyoa.

Wanaume walikuja kwanza kumcheka. Mmoja alimuuliza kama anatafuta mchumba. Tata alimjibu bila kuinua kichwa kwamba mtoto wa huyo anayecheka analala kwenye maji, na mtu yule akaondoka. Baadaye alirudi, akaketi. Sindano zilikuwa chache, na ni huyo huyo, aliyekuwa fundi wa karakana, aliyeokota waya wa mwavuli uliovunjika, akaukata, akaunoa kwenye jiwe la reli, akaupiga tundu kwa msumari. Sindano zake zilikuwa nene, zilitoboa vidole, lakini gunia lilizipokea vizuri. Mwishowe ukitembea kando ya reli uliona baba wa watu wamekaa mstari, kila mmoja na shuka mapajani, wanabishana juu ya mshono kama walivyokuwa wakibishana juu ya mpira.

Mama jirani alikuja juma la pili. Nilikuwa kwenye bomba karibu na lango, nikamwona ana beseni la karanga kichwani. Vijana walikuwa wamesimama pale kuangalia nani anaingia. Mmoja akamzuia.

"Mama, unaenda wapi? Kule iko bantu ya Kasai."

"Mi naenda na kalanga yangu," akasema. "Bantu ya njala njo banakulaka kalanga."

Kijana akachota kiganja kizima, akatafuna, akamwacha apite. Chini ya karanga kulikuwa na uzi, sindano za duka, na vikwembe vyake viwili. Aliketi karibu na mama kana kwamba ni kibarazani kwetu, akaomba kazi. Alitueleza kwamba nyumba yetu ina watu wengine, kwamba mlango ulikuwa umeng'olewa lakini wameurudisha.

"Na bwana yako?" mama akamuuliza.

"Anajua. Hasemi kitu."

Alikuja tena na tena. Safari moja walimpindulia beseni langoni na kuzikanyaga karanga zote mbele ya macho yake, wakamwita majina. Alifika kwetu na matope kwenye nguo na pumzi juu. Mama alitaka kumpa maji.

"Unipe kwanza sindano," mama jirani akasema.

Alishona mpaka pumzi ikashuka. Mishono yake siku ile ilikuwa mibaya kuliko yote niliyowahi kuiona, na ninakumbuka tata alivyolichukua shuka lile akalikunja kwa heshima, bila kugusa kitu.

Siyo wote tuliowafunika tuliowaokoa. Surua iliingia stesheni, na kuhara, na maji hayakutosha. Mama mmoja aliyekaa nyuma yetu alifiwa na binti yake mdogo. Hapakuwa na sanduku wala mbao za kutengeneza. Mama yangu alikwenda kwenye mizigo yetu, akatoa blanketi moja la zamani, lile lenye vipande vyekundu vingi, zuri kuliko yote, ambalo alikuwa amelikausha akalificha asilikate mtu. Alimfunga mtoto yule ndani yake, vizuri, kama anavyofungwa mtoto aliyelala, na tata na wanaume wengine wakambeba. Mama hakushona tena siku ile. Sindano ilibaki kwenye ukosi, naye alikaa karibu na yule mama, bega kwa bega, mpaka giza likaingia. Asubuhi nilipoamka alikuwa anakata gunia.

Treni ilikuja bila kutangazwa. Ilikuwa mabehewa ya mizigo, mengi hayana paa, na watu waliingia kwa kusukumana, wakipitisha watoto juu ya vichwa. Mama jirani hakuwapo siku hiyo, hakujua. Mama alisimama behewani akitazama upande wa lango hadi tulipoondoka, na hakuna aliyekuja kutoka kule.

Safari ilikuwa ya siku nyingi, na treni ilisimama porini bila sababu tuliyoijua. Tata na yule fundi wa karakana waliyafunga mashuka ya magunia juu ya behewa letu kwa kamba, pembe kwa pembe, na watu wa familia nyingine wakaleta ya kwao wakayaunganisha. Shuka moja lilichanwa na upepo, likapaa juu ya majani marefu, tukalitazama likienda. Mengine yalishika. Katika behewa letu mvua ilitupiga siku mbili mfululizo tulipokuwa tunashuka nchi za chini, na tulifika tukiwa na njaa, wachafu, wagonjwa wengine, lakini watoto wote wa behewa lile walifika.

Mwene-Ditu, huko Kasai, walituita watu wa Katanga. Kiluba chetu kilikuwa cha mapande mapande, na sokoni wanawake walituiga tukiongea Kiswahili na kucheka. Ndugu wa tata alitupa chumba kimoja. Tata alizunguka na vyeti vyake kutafuta ukarani, na kila mahali aliambiwa angoje. Baada ya miezi alichoka kungoja. Alimwomba mama sindano, akakaa ukingoni mwa soko, akaanza kushona mifuko na kurekebisha suruali za watu kwa mkono. Alivaa shati jeupe. Alipiga mstari kwa kalamu kwanza. Watu walicheka, halafu wakaona mishono, wakaanza kumletea nguo zao. Miaka iliyofuata alipata cherehani kuukuu ya miguu, na kwa cherehani ile dada yangu na mimi tulisoma. Mabaki ya vitambaa vyake yaliingia kwenye mfuko wa mama, na mablanketi yakaendelea.

Tata alifia kule, mzee, fundi anayejulikana. Mafundi wenzake wa soko walifunika cherehani zao siku ya mazishi, wakaja wote, na mmoja alituambia sisi watoto kwamba hakuwahi kujua kama tata aliwahi kuwa karani. Alidhani amezaliwa na kazi ile.

Mimi nilisomea uuguzi. Nikaolewa, na kazi ya mume wangu ikatuleta, kati ya miji yote, Kolwezi. Watu wa Kasai walikuwa wamerudi wengi, wa kazi na wa biashara, na hakuna aliyenizuia mahali popote. Mji ulikuwa umebadilika. Katika mtaa wa Kasulo watu walikuwa wanachimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe, sebuleni shimo, magunia ya udongo mlangoni. Nilikwenda kambini kwetu nikakuta watu wasionijua, wakanielekeza kwamba mama jirani anakaa kwa binti yake, upande ule ule wa Kasulo. Alikuwa mjane. Binti yake alikuwa amekataa katakata mtu yeyote kuchimba kwenye lupango lao, na mama jirani alikuwa amekaa juu ya kiti cha plastiki, juu ya ardhi hiyo isiyochimbwa, anachambua mboga.

Nilimtajia nyumba yetu. Alinitazama, akaweka kisu chini.

"Mama yako iko?"

"Iko, mama. Iko Mwene-Ditu."

"Na tata? Alishonaka tena?"

Nikamwambia yote. Alicheka na kulia pamoja, akijipangusa kwa kiganja chenye majani ya mboga. Nilitoa simu, nikampigia mama. Sikujua wangeambiana nini baada ya miaka hiyo. Mama, ambaye kwa muda mrefu huko aliko haongei ila Kiluba, alisikia sauti ile akajibu kwa Kiswahili cha kambini, hakikupungua hata neno. Walisalimiana kwa urefu. Waliulizana watoto, mmoja mmoja. Waliulizana magoti. Mama jirani alimweleza kwamba macho yake hayaoni tena tundu la sindano, na mama akasema hata yeye, wajukuu ndio wanaomtilia uzi, anawatilisha sindano nyingi asubuhi kabla hawajaenda shule, anazichomeka zote kwenye mto wa kulalia, ili asikwame mchana.

"Aa," mama jirani akasema. "Mi sikuwaza vile."

Waliongea mpaka salio langu likaisha, sauti ikakatika katikati ya neno. Nilimwahidi kwamba Jumapili nitakuja tumpigie tena.

Hakungoja Jumapili. Kesho yake mchana nilitoka chumba cha sindano pale zahanati ninapofanya kazi, nikamkuta kwenye benchi la wagonjwa, amevaa kikwembe kizuri, mfuko mapajani. Muuguzi mwenzangu alikuwa amemwandikisha akidhani anaumwa. Nilimwambia nina watu wengi mbele yangu.

"Fanya kazi yako," akasema. "Mi niko hapa." Akafungua mfuko wake, akatoa vipande viwili vya kitambaa na sindano ambayo mjukuu wake alikuwa ameitia uzi asubuhi, na alipokuwa akinisubiri akaanza kuviunganisha, kwa mishono yake mirefu.